Utambi Ulikuwa Mweupe

Nta ikishaingia kwenye kucha haitoki upesi. Leo ni siku ya nne tangu Jumamosi. Nimeosha vyombo, nimefua, nimekanda unga wa chapati mara mbili, na bado nikinusa vidole napata harufu ya mshumaa ulioyeyushwa pamoja na unga wa mbao. Kila nikiinusa nakasirika upya. Nimeenda na hasira hii kazini, nimerudi nayo nyumbani hapa Kitengela, nimeipeleka hata kanisani, na imekataa kunitoka. Basi acha niiandike, labda nitapata pa kuiweka.

Wenzangu tuliokulia pande za Ngong mnaijua baridi ya mwezi wa saba. Matasia yetu ya wakati ule ilikuwa bado mashamba, nyumba moja hapa na nyingine kule, na ukungu ulioshuka kutoka mlimani alfajiri ulikaa mpaka saa nne. Sweta ya shule ukiifua Jumamosi, Jumatatu unaivaa ikiwa bado na unyevu kwapani. Baba yangu alikuwa akifanya kazi kiwandani Magadi, ambako watu hutoa vitanda nje kwa sababu ya joto, na alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi alilala na soksi na kofia, nasi tukamcheka. Mama alikuwa karani katika ofisi moja Ngong. Mwaka huo mama yake Baba, Kukhu wetu, aliletwa kutoka Bungoma kwa sababu ya kifua ili awe karibu na hospitali, akapewa kitanda cha pili katika chumba changu. Kumtoa mgonjwa wa kifua Bungoma na kumleta Matasia wakati wa baridi ulikuwa uamuzi wa watu wazima, tena watu waliosoma, na sijawahi kusikia mtu akilaumiwa kwa hilo.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Sempeyo, aliyetufundisha sayansi na kusimamia klabu ya mazingira. Alikuwa amechunga ng'ombe kwenye vilima vya Ngong akiwa mtoto, na kila mwaka kabla ya shule kufungwa aliwapandisha wanafunzi ishirini kwenda kulala huko siku mbili kwenye mahema. Aliingia darasani akitusalimu kwa Kimaasai, "Sopa," nasi wote, Wakikuyu, Waluhya na Wakamba, tukajibu "Ipa" kama tuliozaliwa tukiijua. Mwaka huo niliingia darasa la sita, na zamu yangu ya kuomba nafasi ikafika.

Mwalimu hakuchagua kwa alama wala kwa kupendelea. Alikuwa na sharti lake.

"Huko juu hakuna mama wa kukuwashia jiko," alituambia. "Kuni zimelowa. Upepo unavuma. Wewe uko na njiti moja ya kiberiti. Utafanya nini?"

"Mafuta taa," mvulana mmoja akajibu.

"Na ikimwagika kwa blanketi yako, utalala na nini?"

Akatufundisha kutengeneza viwashio. Unachukua trei ya mayai, ile ya karatasi ngumu, na kila kikombe unakijaza unga wa mbao uliokauka. Vipande vya mishumaa unavitia katika mkebe, na mkebe unauweka ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kwa sababu nta ukiiweka moja kwa moja juu ya moto itakuwakia usoni. Ikishayeyuka unaimimina juu ya ule unga mpaka unywe na kushiba, unaacha igande, kisha unachana kikombe kimoja kimoja. Nta ikiwa kidogo utapata moshi mtupu. Ikiwa nzuri, kile kidude kinawaka kwenye upepo na manyunyu mpaka kuni mbichi zinakubali. Mwalimu aliviita viwashio, sisi tukaviita mayai. Aliyetaka kwenda mlimani alipaswa kuleta mayai kumi aliyotengeneza mwenyewe, na siku ya Alhamisi angechagua moja bila kutazama, aliwashe kwa njiti moja katikati ya uwanja, na liendelee kuwaka mpaka amalize kuita majina ya darasa zima.

Niliitaka safari ile kuliko kitu chochote. Ndugu yangu Barasa alikuwa amekwenda mwaka uliotangulia, akarudi akisema kwamba ukisimama juu usiku, upande mmoja unaona taa za Nairobi na upande wa pili unaona mpaka Magadi. Leo najua alikuwa akijitia ujuzi tu, kwa sababu Magadi iko mbali sana kule bondeni. Lakini nilimwamini, nikapanga kwamba nitasimama pale juu na kutafuta taa za kiwanda, na nikiziona nitakuwa nimemwona Baba siku isiyokuwa mwisho wa mwezi.

Unga wa mbao haukunisumbua. Fundi seremala wa barabarani alinipa gunia zima la saiprasi, nikauanika juu ya bati, na jua lilipokataa kutoka nikaukaushia kando ya jiko, kilo baada ya kilo, mpaka Mama akalalamika kwamba ugali unanuka kabati. Shida ilikuwa nta. Nyumbani mishumaa tuliichoma mpaka utambi ukaanguka. Nilipita kwa majirani nikapata vipande vya ukubwa wa kidole, vichafu, vimejaa njiti na wadudu waliokufa. Kukhu alinisaidia kuvisafisha. Alikaa kitandani amejifunga blanketi mbili, akakwangua kwa kisu kidogo, akakohoa, akakwangua tena. Hakuuliza ni vya nini. Kwake mtoto akiwa na kazi, inatosha.

Jambo moja tu aliuliza, na aliliuliza kila jioni Mama aliporudi kutoka kazini.

"Mama Barasa, mshumaa wangu bado uko?"

"Uko, Mama. Uko kwa sanduku."

Wakatoliki wenzangu hamhitaji maelezo. Kwa wengine, ni hivi: mwezi wa pili kuna sikukuu ya mishumaa. Kila familia inapeleka mshumaa kanisani, unabarikiwa, unawashwa, mnaandamana nao kuzunguka kanisa, kisha mnauzima na kurudi nao nyumbani. Unawekwa mahali salama. Siku mtu wa nyumba akiwa anakata roho, unawashwa kando ya kitanda chake ili aone njia. Kukhu hakuogopa kufa. Aliogopa kufa ugenini bila mshumaa. Wetu ulikuwa mkubwa na mnene, ukakaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha wazazi, umefungwa kwa hankachifu nyeupe pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Jumatano jioni nilikuwa na mayai matatu ya maana. Mengine saba yalikuwa yamekunywa nta kidogo, na nilipojaribu moja nyuma ya jikoni lilitoa moshi, likanung'unika, likazima. Mtihani ulikuwa kesho yake asubuhi. Mama alikuwa hajarudi, Barasa alikuwa akicheza mpira, Kukhu alikuwa amelala. Nikaenda nikavuta sanduku.

Nataka mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hakuna aliyewahi kunisikiliza. Nilifungua hankachifu nikiwa nimeamua kuutazama tu. Nikauona utambi. Ulikuwa mweupe, umesimama wima, haujaguswa na moto. Na mimi nilikuwepo kanisani mwezi wa pili. Nilimwona Mama akiwasha mshumaa ule, nilitembea kando yake nikiukinga upepo kwa kiganja, niliona utambi ukigeuka mweusi na nta ikimtiririkia Mama mkononi. Sasa uko hapa, mzima, haukupungua hata ukucha. Nikakaa sakafuni. Katika katekisimu tulikuwa tumesoma habari ya kile kichaka kilichowaka bila kuteketea. Nikaelewa papo hapo kwamba hivi ndivyo ilivyo kwa vitu vilivyobarikiwa. Unauchoma, na unajirudisha. Ukiukata, kila kipande ni mshumaa mzima, kama vile padre anavyoimega hostia na kila mtu akampata Yesu mzima.

Mimi sikuiba. Niliamini naugawa. Niliuyeyusha, nikamimina, na nta ile ilikuwa nyingi na safi, ikashuka ndani ya unga wa mbao bila kelele. Nilipata mayai kumi na mawili mazuri. Kumi nikayaweka katika mfuko wa shule, na mawili, yale yaliyokuwa mazuri kuliko yote, nikayafunga ndani ya hankachifu ile ile na kuyarudisha sandukuni, ili Kukhu awe na mishumaa miwili badala ya mmoja. Nilifurahi kumfanyia hivyo.

Alhamisi Mwalimu Sempeyo alichagua yai langu, akaliweka juu ya jiwe lililolowa, akaliwasha. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Aliita majina ya darasa zima, akayarudia kuanzia mwanzo, na yai likawaka tu. Akanitazama akasema, "Nafula, wewe ndiye utawasha moto wa kwanza." Ijumaa saa nane tukaondoka.

Huko juu baridi ilikuwa ya kukata masikio. Upepo ulipiga mahema mpaka tukadhani yatang'oka, na kuni zilitoa maji ulipozibana. Nilichuchumaa, wavulana wakanizunguka kunikinga, nikaweka mayai mawili chini ya vijiti na kuwasha njiti yangu moja. Moto ukashika. Mwalimu akaweka sufuria ya chai. Kila moto uliowashwa katika siku zile mbili uliwashwa kwa mayai yangu, kwa sababu ya wengi yalikuwa yamenyonya unyevu njiani. Jumamosi jioni nilisimama ukingoni nikatazama upande wa Magadi, nikaona nukta moja nyekundu kule chini kabisa, pengine moto wa boma la mtu. Nikaipungia mkono. Sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Jumapili mchana nilipofika nyumbani, mlangoni palikuwa na viatu vingi. Nilisimama nikavihesabu vya wanaume, nikaona vya Baba, nikashangaa kwamba si mwisho wa mwezi. Kukhu alikuwa amekufa jana yake jioni.

Dada yake Baba, Senge Rosa, ambaye wakati huo aliishi Nkoroi, ndiye aliyekuwa kando yake. Upepo ulikuwa umekata stima tangu asubuhi. Kukhu alipoanza kuvuta pumzi za mwisho, Senge aliagiza mshumaa, Mama akaleta sanduku, wakafungua hankachifu na kukuta vibonge viwili vya unga wa mbao. Nilimkuta Senge ameketi katikati ya wanawake waliokuja kutupa pole, vile vibonge vikiwa mapajani mwake. Alivinyanyua watu wote wavione.

"Huyu hapa," akasema. "Mama yangu amekufa kwa giza, na mshumaa wake umechomwa mlimani watoto wapike chai."

Haikuwa giza. Koroboi ilikuwepo, ilikuwa inawaka mezani, Barasa ndiye aliyeiwasha. Lakini neno la msiba likishatoka mdomoni halirudi, na wanawake wakaguna, na mmoja akafanya ishara ya msalaba akinitazama mimi. Nilifungua mdomo nieleze habari ya utambi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nilimtafuta Mama kwa macho. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni ameshika sinia ya vikombe. Alinitazama mara moja, akainamisha kichwa, akarudi ndani. Niliiona aibu usoni mwake, nikadhani ni aibu ya kuwa na mtoto kama mimi.

Baba hakunipiga, wala hakunikaripia. Alifanya kitu kidogo zaidi, na kiliniuma zaidi. Kabla ya hapo, stima zikipotea, mimi ndiye niliyetumwa kuwasha mshumaa, hiyo ilikuwa kazi yangu tangu nikiwa darasa la pili. Baada ya mazishi, stima zilipopotea akaita, "Barasa, washa." Na ikawa Barasa mpaka nilipoondoka nyumbani kwenda chuo.

Nikawa Nafula wa mshumaa. Senge alilianzisha kwa uchungu, na miaka ilivyokwenda likageuka kuwa utani, na utani wa aina hiyo ni mbaya kuliko tusi, kwa sababu ukikasirika unaambiwa huna ucheshi. Kwenye harusi yangu, keki ilipoletwa, Senge alisema kwa kipaza sauti kwamba mishumaa iwekwe mbali na bibi harusi. Ukumbi mzima ukacheka. Nilicheka pia. Mama alikuwa ameketi mbele, kitambaa chake kizuri kichwani, akacheka kidogo huku akitazama sahani yake.

Baba alipolazwa, miaka sita iliyopita, nilikwenda na mshumaa. Niliupeleka kwa padre mimi mwenyewe, nikausimamia ukibarikiwa, nikauweka kwenye mkoba wangu wiki tatu. Nilitaka anione nimeuleta. Siku nilipoutoa wodini, nesi alinikataza kuuwasha kwa sababu ya oksijeni, na alikuwa na haki. Baba akautazama. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Peleka hiyo nyumbani, Nafula," akasema. "Isije ikapotea."

Akatabasamu. Sijui alimaanisha nini. Nimeigeuza sentensi ile kila upande, na kila upande inanichoma. Alikufa siku mbili baadaye akiamini kwamba binti yake alichoma mshumaa wa mama yake.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi. Binti yangu Neema ana miaka kumi na mmoja, na shule yao inawapeleka kupiga kambi kule kule Ngong wiki ijayo. Wameambiwa walete viwashio. Madukani vinauzwa, vimefungwa vizuri, lakini Neema alitaka tutengeneze, na Mama, ambaye tangu Baba afariki anakaa na mimi, akavuta kiti akajiunga nasi. Tulikuwa na trei mezani, sufuria ikichemka, na mimi nikimkatia Neema vipande vya mishumaa. Akainua kimoja akauliza kwa nini utambi ni mweusi.

"Kwa sababu umeshawashwa," nikamwambia. "Ukishaguswa na moto haurudi kuwa mweupe." Na kwa kuwa hasira ya zamani huwa hailali mbali, nikaendelea. "Mimi nikiwa kama wewe nilidhani unarudi. Mshumaa wa Kukhu ulikuwa na utambi mweupe, na niliuona kanisani ukiwaka. Nikadhani ni muujiza. Ndiyo maana niliuchukua."

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu habari ile. Mama aliacha kujaza unga. Mikono yake ilibaki juu ya trei.

"Uliona utambi?" akauliza.

"Niliuona. Mweupe kabisa."

Maji ya sufuria yakaanza kufurika, ikabidi niinuke kupunguza moto. Niliporudi alikuwa akitazama meza.

"Ule haukuwa wa kanisa," akasema. "Ule wa kanisa niliuchoma mwezi wa nne. Stima zilipotea wiki mzima, mvua ilikuwa mingi, duka zote mishumaa zimeisha, na nilikuwa nimeleta kazi ya ofisi nyumbani. Nikasema nitauchoma kidogo tu. Ukaisha. Nikanunua mwingine Ngong, nikafunga na ile hankachifu. Nilikuwa nipeleke kwa padre. Nikasahau."

"Ulisahau."

"Nilisahau, Nafula. Halafu Kukhu akakuja, akaanza kuuliza kila jioni. Ningemwambia nini, na ni mgonjwa?"

"Sisemi Kukhu. Siku ile Senge aliniaibisha mbele ya watu, ulikuwa pale."

"Senge yako unamjua. Angesema nimemfungia mama yake mbingu. Ningekaa aje kwa hiyo familia? Mimi nilikuwa mtu wa kuolewa tu. Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto anasamehewa."

"Nani alinisamehe?"

Akapangusa unga wa mbao mezani kwa kiganja.

"Baba alijua?"

Akatikisa kichwa kukataa.

Nisiwafiche. Nilitaka kuipindua ile meza. Nilimwangalia mama yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, unga wa mbao kwenye sweta, na sikuona huruma mahali popote ndani yangu. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba ukiujua ukweli unapumua. Mimi nilikosa hewa. Miaka yote ile nilikuwa nikimwomba Kukhu msamaha kila sikukuu ya mishumaa, na aliyekuwa na deni la kumwomba alikuwa amepiga magoti kando yangu kwenye benchi lile lile. Alinisikia nikilia siku ya harusi yangu chumbani, akanipangusa uso, akaniambia Senge ana mdomo tu. Alimwacha Baba afe akiamini uongo ule. Hilo la Baba halirekebishiki tena, hata akiungama kwa maaskofu kumi.

Nilichukua simu, nikatafuta jina la Senge, nikaweka sauti ya nje, nikailaza mezani katikati ya trei.

"Mwambie," nikamwambia Mama.

"Leo?"

"Leo."

Ikaita mara nyingi. Senge alirudi Bungoma alipostaafu, na simu huwa anaiacha jikoni.

"Nafula wa mshumaa," akapokea, kwa ile sauti yake ya furaha. "Leo umenikumbuka. Huko kuna baridi?"

Mama akasogeza kiti. "Mulamwa, ni mimi," akasema. Ndivyo mawifi wa kwetu wanavyoitana. Akamuuliza habari ya mvua. Senge akamweleza mvua. Akamuuliza mahindi, na mguu unaomuuma, na kama ng'ombe alizaa salama. Kisha akamuuliza mahindi kwa mara ya pili. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimefunga mikono, na nilijua kwamba akiaga bila kusema, mimi na yeye hatutakaa nyumba moja.

Neema alikuwa amesikia kila kitu, kijiko cha unga wa mbao kikiwa bado mkononi. Kama watoto wote wa Kitengela, yeye humwita bibi yake Shosh.

"Shosh," akasema polepole. "Si umwambie."

Mama akafumba macho. Akasema. Alianza na mvua ya mwezi wa nne, akaja kwenye kazi ya ofisi, akaja kwenye duka la Ngong, akaja kwenye hankachifu. Sauti ilikuwa ndogo, nikamwambia aongeze. "Mtoto hakuchoma mshumaa wa Mama," akasema. "Ni mimi niliuchoma. Na nikanyamaza."

 Upande wa pili tulisikia kuku, na mtu akipasua kuni mbali. Nilikuwa nangoja Senge amfokee. Nilitaka amfokee, nilitaka Mama aipate sehemu yake mbele ya mtoto, kama nilivyoipata mimi mbele ya watu. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Yule mtoto yuko hapo?" Senge akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Yuko."

"Mpatie simu."

Neema akaweka kijiko chini, akanyoosha mkono.

"Sio wewe," nikamwambia. "Ni mimi."